Dawa za kusafishia mikanda ya rangi nyumbani: pakiti, chupa, au uchanganye mwenyewe?

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Ngaramtoni alinipigia simu. Alikuwa amekuja Moshi kumsalimia shangazi yake, akapita kwenye mitumba ya Kiborloni, akatoka na kamera ya mkanda ambayo bado inafanya kazi vizuri.

"Shikamoo kaka. Nina mikanda mitatu ya rangi nimeshaipiga. Nataka nisafishe mwenyewe kama wewe. Ninunue pakiti au nichanganye dawa mwanzo mwisho?"

"Marahaba. Kwanza niambie, kwa mwezi unapiga mikanda mingapi?"

"Mmoja. Ikitokea sherehe, miwili."

Jibu hilo lilitosha kunionyesha njia inayomfaa. Nalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu karibu kila anayeniuliza huanza na bei. Bei ni jambo kubwa, sikatai, lakini mimi siiweki nafasi ya kwanza. Ya kwanza ni muda. Developa ya rangi, yaani dawa ya kwanza inayoifanya picha itokee kwenye mkanda, ikishakutana na maji inaanza kufa, uitumie usiitumie. Ukichanganya pakiti ya lita moja leo, wewe ndiye utakayeifuata saa yake. Ukiwa na chumvi kavu kwenye makopo, yaani kemikali za kuchanganya mwenyewe, zenyewe ndizo zinazokusubiri.

Kwetu Moshi jambo hili lina uzito wake. Oktoba naweza kupiga mkanda mmoja, na huo wenyewe usiishe. Ikifika Desemba Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na kwingineko, na ndani ya siku kumi kuna ubatizo, kipaimara, ndoa, na bibi aliyetimiza miaka 80 anataka picha na wajukuu wote wakiwa mgombani. Kabla ya mwaka mpya nina mikanda kumi na tano juu ya meza. Pakiti haikutengenezwa kwa mwendo wa namna hiyo.

Kinachofanyika ndani ya tanki

Mikanda karibu yote ya negativu za rangi inayouzwa leo husafishwa kwa utaratibu wa C-41, ambao Kodak waliuleta mwaka 1972. Mkanda unawekwa ndani ya tanki, chombo kisichopitisha mwanga, na developa inakaa humo dakika 3 na sekunde 15 kwenye joto la nyuzi 37.8. Inafuata blichi dakika sita na nusu, kusuuza, fiksa dakika sita na nusu, kusuuza tena, na mwisho stabilaiza, dawa ya kuzilinda rangi.

Moyo wa developa ni kemikali inayoitwa CD-4. Inazigeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa madini ya fedha, na ikishafanya kazi hiyo inaungana na viini vya rangi vilivyomo kwenye tabaka za mkanda. Hapo ndipo zinapozaliwa sayani (buluu ya kijani), majenta (nyekundu ya zambarau) na manjano. Blichi inairudisha ile fedha kuwa chumvi, fiksa inaiyeyusha na kuiondoa, na mkanda unabaki na rangi peke yake.

Kwa mtu anayechagua dawa, kuna jambo moja la kushika hapa. Blichi na fiksa hufanya kazi mpaka iishe, kisha husimama. Ukizidisha dakika mbili hakuna kinachoharibika. Ukipunguza, ukaona picha zimefifia na zina chembe chembe za kijivu, unaurudisha mkanda kwenye blichi na fiksa, hata mwezi unaofuata, na rangi zinasafika. Developa haina msamaha huo. Ikikosea joto, muda au kipimo, tabaka tatu za rangi zinatofautiana, na hakuna dawa ya baadaye itakayozipatanisha. Kwa hiyo hapa chini nikisema njia fulani ni nzuri au mbaya, fahamu kwamba naizungumzia developa kwanza.

Pakiti ya unga

Hii ndiyo njia ambayo wengi wetu tuliingilia. Unapata mifuko ya unga, unayeyusha kila mmoja kwa mpangilio ulioandikwa, unapata lita moja ya developa, lita moja ya blichi iliyochanganywa na fiksa, na stabilaiza. Vipimo vimeshapimwa kiwandani, huna haja ya mizani wala kipima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali. Unga ni mwepesi na haumwagiki, kwa hiyo unasafiri vizuri kuliko chupa.

Watengenezaji wengi wanaandika kwamba lita moja inasafisha mikanda minane na kuendelea, huku ukiongeza muda kidogo kidogo kadiri dawa inavyochoka. Ukiwa na mikanda minane mkononi, ukaisafisha yote Jumamosi na Jumapili moja, pakiti ni njia nzuri sana na sina la kuipinga. Shida inaanza pale ulipo na miwili. Unachanganya lita nzima, unasafisha miwili, unafunga chupa. Chupa ikiwa imejaa hadi mdomoni na imekaa gizani, developa inaweza kwenda wiki nne hadi sita. Ikiwa nusu ina hewa, siku zinapungua. Mara ya pili utaiona imegeuka rangi ya chai ya rangi, na hapo unabahatisha.

Wengine huniuliza kama wagawe unga nusu kwa nusu. Tafadhali usifanye hivyo. Unga wa kemikali tofauti haukai umechanganyika sawasawa mfukoni. Chembe nzito zinashuka, nyepesi zinapanda. Nusu ya kwanza inaweza kuwa na CD-4 nyingi na nusu ya pili ikawa karibu kaboneti tupu, ile chumvi ya kuinua pH. Pakiti huchanganywa yote au haichanganywi.

Jambo la pili ni ile blichi iliyounganishwa na fiksa kwenye chupa moja. Ni rahisi kwa mpishi mpya, lakini dawa hizi mbili hazipendani. Zinadhoofishana zikikaa pamoja, na ndani ya tanki zinatoa hewa inayosukuma kifuniko, kwa hiyo ukishatikisa mara chache za mwanzo legeza kifuniko kidogo hewa itoke. Ukipata pakiti yenye blichi na fiksa kila moja peke yake, ichukue hiyo hata kama ni ghali zaidi.

Chupa za maji mazito

Hizi ni chupa za dawa nzito ya maji, unayoipunguza kwa maji kabla ya kuitumia. Zina faida moja ambayo unga hauna: zinagawika. Kila sehemu ni kimiminika kilicho sawa juu mpaka chini, kwa hiyo kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa unaweza kuvuta kiasi cha kutengenezea mililita 600 tu na kuacha kingine. Sehemu yenye CD-4 huwekwa kwenye hali ya asidi ili idumu, mbali na kaboneti. Ukifungua chupa, hewa inaanza kuingia, lakini bado unapata miezi ambapo developa iliyokwisha kuchanganywa ingekupa wiki.

Kwa mtu anayepiga mikanda miwili au mitatu kwa mwezi na hataki habari za mizani, naziona chupa kuwa chaguo bora kuliko unga. Kinachozikwamisha huku kwetu ni safari. Ni nzito, ni kemikali za maji, na wasafirishaji wengi wa ndege wanazikataa au wanazitoza kama mzigo wa hatari. Ukipata mtu anayekuja na gari kutoka Nairobi kupitia Namanga, sawa. Usimpe mtu azifiche kwenye begi la ndege.

Kuchanganya mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapoogopa kupita kiasi, au wanapojiamini kupita kiasi.

Fomula za developa ya C-41 si siri. Hataza (hati za uvumbuzi) za Fuji Photo Film zilizitaja mara nyingi katika mifano yake, na mimi naifuata ile inayorudiwa sana. Kwa lita moja:

Potasiamu kaboneti gramu 30
Sodiamu salfaiti gramu 4.0
Potasiamu bromaidi gramu 1.4
Potasiamu ayodaidi miligramu 1.5
Haidroksilamini salfeti gramu 2.4
CD-4 gramu 4.5
pH 10.05

Hataza zinaongeza pia dawa za kushika chokaa ya kwenye maji. Mimi naziacha kwa sababu ya maji ninayotumia, nitaeleza mbele.

Kila kitu hapo kina kazi. Kaboneti inainua pH ili CD-4 ifanye kazi. Salfaiti na haidroksilamini zinailinda na hewa. Bromaidi inazuia sehemu ambazo hazikupigwa na mwanga zisiote ukungu. Mwaka wangu wa kwanza niliisahau bromaidi, nikatoa mkanda uliofunikwa na utando mzito kuanzia kwenye matundu ya pembeni hadi katikati ya picha. Ulikuwa mkanda wa wapwa zangu wakicheza mpira Pasua. Picha zinaonekana, ila zimezama. Tangu siku ile naandika orodha kwenye karatasi na kuweka alama ya vema kila ninapomwaga kitu ndani ya jagi.

Mizani si tatizo Kaskazini. Arusha ina madalali wengi wa vito, na mizani zao ndogo za mfukoni zinazosoma hadi gramu 0.01 zinapatikana kwa urahisi. Hiyo inatosha kwa kila kitu isipokuwa ayodaidi. Miligramu moja na nusu haipimiki kwa mizani hiyo, kwa hiyo unayeyusha gramu 1 katika lita 1 ya maji, kisha kila mililita ina miligramu 1. Unavuta mililita 1.5 kwa bomba la sindano, umemaliza.

Chumvi nyingine unaweza kuzikuta kwenye maduka ya vifaa vya maabara za shule. Aliyesoma kemia kidato cha nne anaijua sodiamu thayosalfeti: ndiyo ile ya msalaba uliochorwa chini ya bika, unaofifia mpaka unapotea ukitia asidi. Hiyo hiyo ndiyo fiksa. Potasiamu ayodaidi na potasiamu ferisianidi nazo zipo kwenye majaribio ya kutambua chumvi. Zinazosumbua ni mbili tu, CD-4 na haidroksilamini salfeti, ambazo huagizwa nje. Kuingiza kemikali nchini kunasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Nenda ukaulize kabla ya kuagiza, au pitia kwa muuzaji aliyesajiliwa. Kopo kukwama forodhani kwa miezi ni hasara kubwa kuliko ada yoyote.

Sasa, kuhusu magadi. Nimeulizwa mara nyingi kama magadi ya Ziwa Natron, haya tunayotia kwenye makande, yanaweza kushika nafasi ya kaboneti. Wazo lenyewe lina mantiki, kwa kuwa magadi ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na bikaboneti. Lakini yanabeba pia chumvi ya kawaida, floridi na udongo, na kiasi chake kinabadilika bonge kwa bonge. Kwa picha nyeusi na nyeupe jaribu ukipenda. Kwa rangi hapana. Ukikosa potasiamu kaboneti, chukua bikaboneti ya kupikia iliyo safi, itandaze kwenye sinia na uioke kwenye oveni kwa nyuzi 200 mpaka uzito uache kupungua. Gramu 100 zinabaki gramu 63 hivi, nayo sasa ni sodiamu kaboneti. Gramu 23 za hiyo zinasimama badala ya gramu 30 za potasiamu kaboneti.

Kuhusu pH, usitegemee karatasi za rangi. Nunua kipima pH cha umeme na maji ya kukirekebishia ya pH 10. Developa yangu mara nyingi hutoka juu kidogo, naishusha kwa bikaboneti, punje kwa punje, nikikoroga na kusoma. CD-4 iingie mwisho kabisa baada ya vingine vyote kuyeyuka, na ukishaitia, tumia dawa siku hiyo hiyo.

Faida ni hii. Tanki langu la mikanda miwili nalijaza mililita 600. Kwa kiasi hicho CD-4 ni gramu 2.7. Kopo la gramu 100 linanipa matanki 37, yaani mikanda 74, kila tanki na developa mpya ambayo haijagusa mkanda mwingine, nikimaliza sihifadhi. Mkanda wa kwanza wa Desemba na wa kumi na tano unatoka sawa, sibahatishi muda. Kwa mtu anayefanyia wengine kazi, hilo lina thamani kuliko pesa iliyookolewa.

Na pesa inaokolewa kweli? Mwanzoni hapana. Mizani, kipima pH, makopo, na viwango vya chini wanavyokubali kuuza, vyote vikijumlishwa vinazidi bei ya pakiti kadhaa. Mtu wa mkanda mmoja kwa mwezi atachukua miaka kurudisha, na CD-4 yake itakuwa imeshageuka kahawia kabla hajafika nusu ya kopo. Weka CD-4 kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ndani ya friji. Ukilitoa, subiri lifikie joto la chumbani kabla ya kulifungua, la sivyo unyevu unatua juu ya unga. Masika hii ni sheria.

Blichi ya kujichanganyia nyumbani ni rahisi zaidi ukitumia ferisianidi: gramu 40 za potasiamu ferisianidi na gramu 25 za potasiamu bromaidi kwa lita. Inafanya kazi haraka na inadumu sana. Ila ina masharti. Developa iliyobaki kwenye mkanda ikikutana nayo inaota rangi kila mahali, kwa hiyo baada ya developa mimina siki nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya siki kwa tatu za maji, kwa dakika moja, kisha suuza vizuri sana, ndipo uweke blichi. Suuza tena kabla ya fiksa. Na kamwe usiiache ferisianidi karibu na asidi kali. Asidi kali inaweza kuitoa sianidi kama hewa, na hiyo inaua.

Kwa fiksa, thayosalfeti ya sodiamu inafanya kazi lakini polepole. Ya amoniamu ni ya haraka na ndiyo ninayoipendelea. Wapo wanaotumia fiksa ya eksirei. Nyingi zina asidi na dawa ya kukaza jelatini, mimi naziachia picha nyeusi na nyeupe.

Nina desturi moja ninayomsihi kila anayejichanganyia aifuate. Piga mkanda mzima wa kitu kimoja kwenye kivuli cha mchana: kitenge chenye rangi nyingi, karatasi nyeupe, uso wa mtu. Gizani ukate vipande vifupi, uvifunge visipate mwanga, uviweke kwenye friza. Kimoja kisafishe kwa pakiti ya kiwandani, hicho ndicho shahidi wako. Kila ukifungua kopo jipya la kemikali, safisha kipande kimoja ukilinganishe na shahidi kabla ya kugusa mkanda wa harusi ya mtu.

Maji na joto, kwa njia zote

Maji ya Arusha na ya Moshi hayafanani. Chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru zina floridi nyingi, ndiyo iliyoyapaka kahawia meno ya watu wengi wa huko, na ni maji ya sodiamu na bikaboneti. Bikaboneti hiyo inaivuta pH ya developa, na kiasi chake kinategemea mtaa unaotoka. Pakiti za kiwandani zina kinga fulani. Developa yako mwenyewe haina. Mimi natumia maji ya betri, yale yaliyochujwa chumvi zote, yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri: pembeni yake huuzwa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Blichi, fiksa na kusuuzia natumia ya bomba, na suuzo la mwisho narudi kwenye maji ya betri ili mkanda ukauke bila madoa.

Joto la 37.8 linatisha kwenye karatasi, lakini ni joto la mwili wa binadamu mwenye homa kidogo sana. Kipimajoto cha homa cha kidijitali kinasoma kwa usahihi wa nyuzi 0.1 hapo hapo tunapotaka, tena ni rahisi kukipata. Kwa kawaida kinashika namba ya juu kabisa kiliyoiona, kwa hiyo kizime na kukiwasha upya kila unapopima.

Mashine za kupasha maji ni nzuri mpaka umeme ukatike. Mimi natumia kuli boksi la kubebea soda. Nalijaza maji ya nyuzi 39, natumbukiza chupa za dawa na tanki, nafunika. Pembeni ipo chupa ya chai yenye maji ya moto ya kuongezea. Moshi mwezi wa Februari joto halishuki sana ndani ya nusu saa. Arusha mwezi wa Julai linashuka, anza na nyuzi 40 na upashe tanki kwa maji ya nyuzi 39 kwa dakika moja kabla ya developa.

Mikono, watoto, na maji ya kumwaga

CD-4 ina tabia mbaya ya kuzoeana na ngozi. Unaweza kuigusa mara kumi bila neno, ya kumi na moja mikono ikaanza kuwasha na kupasuka, na kuanzia hapo mwili hausahau. Glavu za nitrili kila wakati, kwa pakiti na kwa chumvi pia. Ukipima unga, vaa barakoa na uzime feni. Vyombo vya dawa visirudi jikoni, na chupa za maji ya kunywa zisitumike kuhifadhia, maana mtoto anaiamini chupa anayoifahamu.

Fiksa iliyotumika imebeba fedha, na fedha inaua viumbe wa majini. Sisi wa mteremko wa Kilimanjaro tuna mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, na ninachomwaga mimi juu kinafika kwa mtu anayemwagilia mboga chini. Tia stilwul ya kusugulia sufuria kwenye ndoo ya fiksa iliyochoka, iache siku kadhaa. Chuma kinayeyuka na fedha inashuka kama tope jeusi. Ferisianidi naikusanya kwenye dumu lenye alama, mbali na jua na asidi, wala siimwagi shambani.

Basi uchukue ipi?

Ukipiga mikanda chini ya sita kwa mwaka, tuma kwenye maabara ya nje ya mji na usijisumbue. Itume kwa barabara ukiweza, kwa kuwa mashine mpya za kukagua mizigo za viwanja vya ndege zinaacha ukungu kwenye mkanda ambao haujasafishwa.

Ukipiga mmoja au miwili kwa mwezi, kusanya. Mikanda iliyopigwa, ikifungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, inavumilia miezi michache. Ikifika minane chukua pakiti ya unga, safisha yote kwa siku mbili, mwaga. Ukiweza kupata chupa, basi huna haja ya kusubiri.

Ukiwa na mwendo wa kupanda na kushuka kama wangu, au unasafishia wengine, jichanganyie. Ukiona kazi yote ni nyingi, jichanganyie blichi na fiksa tu huku developa ukinunua. Hizo mbili hazidai usahihi, na utaepuka ile chupa moja ya mchanganyiko unaodhoofika. Na anayepiga mikanda ya sinema asome fomula ya ECN-2 ambayo Kodak wenyewe wameichapisha: inatumia CD-3 badala ya CD-4, haidai haidroksilamini, ila ni nyuzi 41.1, na mikanda mingi ya aina hiyo ina tabaka jeusi la nyuma la kuondoa kwanza.

Yule kijana wa Ngaramtoni nilimwambia aagize pakiti moja yenye blichi na fiksa kila moja peke yake, asiifungue. Mikanda yake mitatu ipo kwenye kopo ndani ya friji ya mama yake, na juu ya kopo ameandika "si chakula". Juzi amenitumia ujumbe kwamba wa nne ameumaliza sokoni siku ya mnada. Ikifika minane atakuja Moshi na begi lake, nami nitaleta kuli boksi na maji ya betri.